Mfanyakazi Ajue Afanyalo Bwana Wake

Mahubiri ya Dominika inayofuata Mei Mosi



Wapendwa wasikilizaji, nawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi wa Njombe mjini mliojifunika mashuka kwa baridi na ukungu, ninyi wa Makambako mliolala mkisikia malori ya barabara kuu na treni ya TAZARA, ninyi wa mashamba ya chai ya Lupembe, Luponde na Kibena, nanyi mpasuao mbao katika misitu ya misindano, ambao mikono yenu hainuki kitu kingine ila utomvu. Nawasalimu kwa namna ya pekee makatekista, ambao leo mtaongoza ibada katika vigango visivyo na padre.

Juma hili taifa letu limeadhimisha Mei Mosi, na Kanisa limemkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1955. Tumeona maandamano na tumesikiliza hotuba. Jambo lililotajwa zaidi ya mengine ni mshahara, na ni haki litajwe. Mtume Yakobo anatufundisha kwamba ujira wa mkulima uliozuiliwa na tajiri unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Lakini leo naomba tutafakari jambo lililo nyuma ya mshahara, ambalo husahaulika hata siku ya Mei Mosi yenyewe: je, mfanyakazi ana sauti gani, na ana fungu gani, katika kazi anayoifanya?

Tufungue Injili ya Yohane, sura ya 15. Usiku ule wa karamu ya mwisho, Bwana wetu anawaambia wanafunzi wake kwamba tangu sasa hatawaita watumwa, atawaita rafiki. Kisha anatoa sababu. Angalieni vizuri sababu hiyo, maana wengi tunaipita haraka. Hasemi kwamba mtumwa hana chakula. Hasemi kwamba kazi ya mtumwa ni nzito na kazi ya rafiki ni nyepesi. Rafiki naye anatumwa akazae matunda. Tofauti anayoitaja Bwana ni moja tu: mtumwa hajui bwana wake anafanya nini. Rafiki anajua, kwa sababu ameambiwa yote. Mtu aliyeachwa gizani juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, hata akilipwa vizuri, bado yupo upande wa utumwa.

Ndugu zangu, nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa paroko wa parokia moja ya vijijini, mwendo wa saa chache kutoka Makambako. Parokia ilikuwa na mashine ya kusaga, na mwendesha mashine alikuwa baba mmoja ambaye alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Alikuja alfajiri, akaondoka jioni amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Mashine ikaanza kuleta hasara. Tukakaa kikao, mimi na kamati ya fedha; tukapiga hesabu, tukaona afadhali tuiuze. Tukapata mnunuzi. Mwendesha mashine hatukumwita. Kwa kweli hatukukusudia kumficha, hatukumkumbuka tu. Alipata habari kutoka kwa mnunuzi, aliyekuja kupima ukubwa wa injini wakati yeye anasaga mahindi ya watu.

Jioni ile alikuja nyumbani kwangu. Hakuja kwa hasira. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: "Baba, mngeniuliza ningewaambia. Mashine ni nzima. Hasara inatoka kwenye dizeli. Tunainunua hapa kijijini kwa lita moja moja, wakati pipa zima lingetoka Makambako kwa bei nafuu. Mimi nimeliona hilo kwa miaka miwili." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu: "Baba, nani angenisikiliza? Mimi ni wa kusaga." Kisha akaongeza neno ambalo halijaniondoka mpaka leo: "Na kama ilikuwa lazima iuzwe, mimi na wenzangu wawili tungeomba tuinunue kidogo kidogo." Mashine ilikuwa imekwisha kulipiwa. Juma lililofuata ilipakiwa kwenye gari ikaenda.

Wapendwa, Padre yule aliyekuwa amesoma Injili ile ya Yohane madhabahuni mwaka hadi mwaka, alimfanya mtu wa Mungu kuwa mtumwa asiyejua bwana wake anafanya nini. Tulipoteza mashine, tulipoteza maarifa ya mtu aliyeijua kuliko sisi sote, na yeye akapoteza kazi. Laiti tungemwuliza swali moja.

Jambo hili si geni katika nchi yetu ya milima. Wazee wetu Wabena na Wakinga wanalikumbuka jina la manamba. Wakati wa ukoloni maelfu ya vijana waliondoka Njombe kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 palikuwa na shirika la wenye mashamba, SILABU, lililoandikisha vibarua na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, akahesabiwa, akalipwa kwa kipande baada ya kutimiza siku zake za kazi. Mtu aliyebatizwa kwa jina aliishi miaka shambani kwa namba. Alikata mkonge bila kujua unauzwa wapi wala kwa bei gani. Tunasema mchumia juani hulia kivulini. Lakini kule mkonge ulichumwa juani na mtu mmoja, ukaliwa kivulini na mwingine. Tujiulize bila kuoneana haya: je, mama anayechuma chai leo, ambaye kikapu chake kinapimwa kwenye mizani, anaijua bei ya chai hiyo inapofika sokoni? Je, kijana anayelisha magogo kwenye dingdong anajua ubao mmoja unauzwa kiasi gani Makambako?

Kanisa limelisema jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliandika Rerum Novarum, akatetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Mwaka 1931 Pius wa Kumi na Moja alikwenda mbele zaidi, akashauri kwamba mkataba wa kazi ulainishwe kwa namna ya ubia, ili mfanyakazi ashiriki katika umilikaji, au katika uendeshaji, au katika faida. Yohane wa Ishirini na Tatu alilirudia neno hilo mwaka 1961, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalithibitisha mwaka 1965, ukitukumbusha kwamba kampuni ni watu waliokusanyika, wala si mitambo na fedha tu. Mwaka 1981 Yohane Paulo wa Pili, ambaye ujanani alifanya kazi machimboni na kiwandani, alitufundisha katika Laborem Exercens kwamba kila anayefanya kazi anapaswa kujiona kuwa ni mwenye mali kwa namna fulani katika meza kubwa ya kazi anayoifanya pamoja na wenzake. Hivyo basi, anayesema kwamba haya ni siasa na hayamhusu padre, hajasoma mafundisho ya Kanisa lake.

Na taifa letu je? Taifa letu lilijaribu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viwanda vikubwa, mabenki na mashamba mengi yalikuwa mali ya umma. Mwaka 1970 ukatoka Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 ukafuata Mwongozo wa TANU, ulioonya viongozi wasiwe na kiburi wala wasiwaonee wanaowaongoza. Wafanyakazi waliyachukua maneno hayo kwa uzito. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ilitokea katika viwanda vingi, na mara nyingi kilichowauma watu kilikuwa dharau kuliko mshahara. Mwaka 1973, katika kiwanda cha bidhaa za mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe.

Lakini mabaraza yale yalikuwa ya kushauri tu. Meneja alisikiliza, akashukuru, kisha akaamua alivyotaka. Mali ikaitwa ya wote, lakini mfanyakazi hakuona mahali ambapo neno lake liligeuza kitu. Kitu kinachoitwa cha wote, pasipo mtu kuulizwa habari zake, hugeuka upesi kuwa kitu kisicho cha mtu. Wengine wakakiiba, wengine wakakitazama kikifa. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka 1976 kwa amri, wanachama wenyewe hawakuulizwa. Sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Na mwaka 1992 ilipoundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, mashirika yakaanza kuuzwa, wengi waliokuwa wakiitwa wenye mali walishangaa kujikuta nje ya lango. Hilo ndilo fundisho la kwanza: umilikaji usio na sauti ni jina tu.

Fundisho la pili tunalo hapa hapa nyumbani. Mnakijua kiwanda cha chai cha Lupembe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilipobinafsishwa, ushirika wa wakulima wa chai ulipata fungu la hisa pamoja na mwekezaji. Wazo lilikuwa jema: mkulima anayelisha kiwanda majani mabichi awe pia mmoja wa wenye kiwanda. Lakini wabia wale hawakuelewana. Ugomvi ukakua, shauri likafika mahakamani, kiwanda kikasimama kwa miaka kadhaa. Mimi si hakimu, wala Dominika si siku ya kuhukumu nani alikosa. Nasema hili tu: hisa ni karatasi, na karatasi haipatanishi watu. Wabia wasipokutana, wasipofunuliana vitabu vya hesabu na kuulizana kabla ya kuamua, hisa zenyewe huwa chanzo cha vita. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lililofungiwa kabatini na mtu mmoja ni sawa na kutokuwa na daftari.

Labda msikilizaji mmoja anasema moyoni, "Baba, basi haiwezekani." Inawezekana. Niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, kwa padre mwenzangu. Mwaka 1941 padre kijana, José María Arizmendiarrieta, alipangiwa kazi katika mji mdogo wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na umaskini ulikuwa mkubwa. Padre huyo hakuanza na kiwanda. Alianza na mafundisho. Mwaka 1943 akafungua shule ndogo ya ufundi. Akawafundisha vijana kwa zaidi ya miaka kumi: chuma, hesabu, na mafundisho ya Kanisa juu ya kazi. Mwaka 1956 wanafunzi wake watano wakaanzisha kiwanda cha ushirika. Mwaka 1959 wakawa na benki yao ya akiba. Kila mfanyakazi mwanachama alitoa fungu lake la mtaji, na katika mkutano mkuu kila mtu alikuwa na kura moja, awe mhandisi au mfagiaji. Leo vyama hivyo ni vingi, na vina makumi ya maelfu ya wafanyakazi.

Sitawaficha upande wa pili. Mwaka 2013 Fagor, kiwanda kilichotokana na kile cha kwanza kabisa, kilifilisika. Mwenye fungu katika faida ana fungu katika hasara pia. Lakini wanachama wake wengi hawakutupwa. Vyama vingine vya ushirika viliwapokea. Hata katika kuanguka, walikuwa na ndugu waliowajua kwa majina.

Tuone sasa, padre yule alianza wapi? Alianza kwa kuwawezesha watu kujua. Baadaye wakaweza kusema, na mwisho wakamiliki. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho. Tunagawa hisa kwa watu ambao hawajawahi kuonyeshwa kitabu cha mapato na matumizi. Bwana Yesu mwenyewe alifuata njia ya yule padre, au tuseme padre yule alifuata njia ya Bwana: kwanza aliwaambia wanafunzi yote, ndipo akawaita rafiki, ndipo akawakabidhi kazi yake.

Basi, tufanye nini? Ninyi wafanyakazi, msiseme kwamba hamna pa kuanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa mlango. Chama cha wafanyakazi chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kinaweza kutambuliwa na mwajiri. Kikishatambuliwa, kifungu cha 70 kinamtaka mwajiri akipe habari zinazohitajika kwa majadiliano. Kifungu cha 73 kinaruhusu chama na mwajiri kufanya makubaliano ya kuunda baraza la ushirikishwaji kazini. Na mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi anatakiwa na sheria hiyo hiyo kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana kwanza. Vipo vyama, kama TPAWU kwa wa mashambani na TRAWU kwa wa reli. Jiungeni, lipeni ada, hudhurieni mikutano. Na mkichaguliwa kuwa wajumbe, jifunzeni hesabu. Sauti isiyo na habari ni kelele tu, na mwajiri huizoea kelele upesi. Wala msidai fungu la mwenye mali huku mkifanya kazi kama wezi wa muda. Anayetaka kuitwa mbia aone uchungu mashine inapoharibika.

Ninyi waajiri, wakubwa wa mashamba na wadogo wenye dingdong moja na vibarua watano, siwaambii mgawe mali yenu kesho asubuhi. Nawaomba mwanzo mdogo. Wakutanisheni watu wenu mara moja kwa mwezi. Waambieni kazi inaendaje, mlipata kiasi gani, deni ni kiasi gani. Waulizeni wao wanaona nini. Mtashangaa ni habari ngapi za dizeli zimelala vifuani mwao. Kisha, mwaka unapokuwa mzuri, watengeeni sehemu ya faida. Na siku mnapotaka kuuza, waulizeni wao kwanza, kupitia SACCOS yao au chama chao cha ushirika, kama wangependa kununua.

Na sisi Kanisa, tusijitoe. Sisi ni waajiri. Tuna shule, zahanati, karakana, mashamba, mashine. Je, mpishi wa nyumba ya mapadre anajua mkataba wake? Je, walinzi na wauguzi wetu wanaulizwa lolote kabla ya maamuzi kupitishwa? Nanyi makatekista, mnaotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango kwa posho isiyonunua hata viatu, mnaonyeshwa hesabu ya parokia ambayo ninyi wenyewe mnaichangisha? Nikisema haya najisema mwenyewe. Hatuwezi kuwahubiria wenye viwanda urafiki wa Injili huku nyuma ya sakristia tuna watumwa wasiojua tunafanya nini.

Nilimtafuta yule baba wa mashine nilipohamishwa, nikamwomba radhi. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Baba, siku nyingine uulize tu." Naiweka amri hiyo ndogo mbele yenu, nami nimejiwekea mwenyewe.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemweka Mwanao katika karakana ya Yosefu ajifunze kazi ya mikono, utujalie tusimwite mtu kwa namba uliyemwita kwa jina. Uwape wafanyakazi wa Njombe na Makambako sauti yenye hekima, na waajiri masikio yenye unyenyekevu, ili matunda ya udongo huu yaliwe na wote walioutokea jasho. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Mahali pako pa kazi, ni jambo gani unalolijua ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza?
2. Kama wewe ni mwajiri, hata wa mtu mmoja nyumbani, umemweleza nini juu ya mipango inayomhusu?
3. Katika parokia na kigango chetu, hesabu husomwa mbele ya nani, na mara ngapi kwa mwaka?
4. Je, sisi wanajumuiya tunaweza kuanzisha kazi moja ya pamoja, ambayo kila mmoja ana fungu na kila mmoja ana kura? Tuanze na lipi?